Wakili, mwanangu anaandika kuhusu serikali. Nimnyamazishe?

Swali: "Wakili, naishi Umoja na nina kijana wa miaka 23. Amemaliza chuo mwaka jana, kazi bado. Kila usiku yuko kwenye simu anaandika mambo ya serikali: kodi, hospitali, wabunge. Juzi mzee wa Nyumba Kumi alinisimamisha dukani akaniambia kwa sauti ya chini, 'Mama, huyo kijana mwambie apunguze, kuna watu wanauliza.' Tangu siku hiyo sipati usingizi. Kukosoa serikali ni kosa? Kama si kosa, mbona watu wanakamatwa? Na je, nimpeleke kwa shangazi yake Bungoma mpaka mambo yapoe?"

Jibu: Pole kwa usingizi uliopotea, mama. Umeuliza matatu, na la kwanza ndilo jepesi.

Kukosoa serikali si kosa. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwanao uhuru wa kusema, na cha 37 kinampa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wakubwa, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Hata sheria kadhaa zilizokuwa zikiwaziba watu midomo, korti ilizing'oa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kile kilichowanasa watu kwa kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Februari 2017 kashfa ikaacha kuwa jinai, ikabaki madai ya kawaida ya fidia. Aprili mwaka huohuo kikafuata kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu mtu kwa kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Mipaka ipo. Mwanao akiandika "Waziri ameshindwa na kazi, ajiuzulu", hiyo ni haki yake. Akiandika "twendeni tukamchomee nyumba", au akitukana kabila la mtu, hapo hata mimi sitamtetea kwa raha.

La pili ndilo lenye mwiba.

Kwa miaka yote niliyozunguka vituo vya polisi vya Nairobi, sijawahi kuona hati ya mashtaka iliyoandikwa "alimkosoa Rais". Haipo. Serikali ikikerwa na neno, hulitafutia jina jingine, kisha inalishtaki hilo jina. Mkoloni alimhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka 7 kule Kapenguria mwaka 1953 kwa jina la kuongoza Mau Mau. Uhuru ukaja, lakini kifungu cha uchochezi tukakirithi kama kilivyo, kikakaa kwenye vitabu vyetu mpaka 1997. Katikati ya miaka ya 1980 watu waliteswa chini ya jengo la Nyayo House, katika seli zilizomwagwa maji, kisha wakafikishwa kortini kukiri kwamba wana mkono katika Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Siku ukienda pale kuchukua pasipoti, ujue foleni yako imepangwa juu ya vyumba hivyo.

Siku hizi majina ni mengine. Mwishoni mwa Mei 2025 binti mmoja mtengenezaji wa programu hapa Nairobi alitengeneza ukurasa mdogo kwenye mtandao. Ukiufungua unasoma mambo yanayokuhusu katika Mswada wa Fedha wa 2025, unabonyeza kitufe kimoja, na barua pepe inaondoka kwenda Bunge kusema unaupinga. Zingatia kwamba Bunge lenyewe lilikuwa linapokea maoni ya wananchi wakati huo. Akakamatwa Ijumaa, tarehe 30. Jina alilopewa? Kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Mwanamke aliyewasaidia watu kuliandikia Bunge barua akawa mvamizi wa kompyuta.

Na hiyo Ijumaa haikuwa ya bahati mbaya, au tuseme mimi siamini kwamba ilikuwa ya bahati mbaya. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini kama saa hizo zinaisha siku ambayo korti imefungwa, anasubiri siku ya kazi inayofuata. Ukimkamata mtu Ijumaa jioni unajipatia wikendi nzima. Ile ya Mei ilikuwa tamu zaidi kwao: Jumapili ilikuwa Madaraka, kwa hiyo Jumatatu nayo ikawa mapumziko. Alifika mbele ya hakimu Jumanne, Juni 3. Nchi ilisherehekea kujitawala yeye akiwa seli. Tarehe 20 Juni hakimu alitupa mashtaka yale, akasema hayaonyeshi kosa lolote. Lakini siku zile 4 nani atamrudishia?

Utajiuliza kwa nini dola yenye bunduki imwogope mtu wa kitufe. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Gary King, Jennifer Pan na Margaret Roberts, walitoa matokeo ya kuchunguza maandishi mengi sana ya mitandao ya kijamii ya Uchina, wakitazama yapi yanafutwa na yapi yanaachwa. Wengi walidhani yanayofutwa ni matusi kwa viongozi. Wakakuta mengi yameachwa. Yaliyofutwa haraka ni yale yanayoweza kuwatoa watu nyumbani na kuwakusanya mahali pamoja, hata kama hayamtukani kiongozi yeyote. Uchina si Kenya, ila mimi nikisoma mafaili yangu naona kitu hichohicho. Serikali haihesabu maneno, inahesabu miguu. Tarehe 25 Juni 2024 miguu iliingia Bungeni. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha wa mwaka ule, uliokuwa ukipingwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya msimu ule. Kwa hiyo mwaka uliofuata kitufe cha kuwakusanya watu, hata kwa barua pepe tu, hakikuonekana kitu kidogo.

Kwenye kaunta ya polisi, hata hivyo, jina linalopendwa ni la bei nafuu: kuzua rabsha kwa namna inayoweza kuvunja amani. Ni kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hakizidi miezi 6. Shika hapo, mama, kwa sababu kifungu kilekile cha 49 kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Askari wengi wanalijua hilo. Wazazi wengi hawalijui.

Nikupe kisa. Usiku mmoja wa maandamano nilikuwa kituo nisichokitaja, upande wa mashariki wa mji. Mama mmoja alifika na blanketi na chupa ya chai, akauliza mwanawe. Askari wa kaunta akamwambia hayupo, na wala hakufungua OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kutazama. Kilikuwa kimefungwa, kalamu juu yake. Mama akaketi kwenye benchi. Unajua mahabusu wakiingia seli huacha mishipi na viatu vyao nje. Baada ya muda akainama kufunga leso yake, akaona chini ya kaunta raba nyeusi yenye kamba nyekundu. Kamba ile aliinunua mwenyewe Gikomba, baada ya ya kwanza kukatika. Hakupiga kelele. Alinigusa, akanionyesha kwa kidevu. Nikauliza, "Afande, kiatu hiki ni cha nani?" Akakitazama kiatu, akanitazama mimi, akavuta OB, akaandika. Ilikuwa saa 7 na dakika 40 usiku. Kijana alikamatwa saa 10 jioni. Jina la mwanawe, na mbele yake: kuzua rabsha. Yule mama akasema "Asante Yesu", akamimina chai, na askari naye akapata kikombe.

Mtu asiyejua atacheka, mzazi kushukuru kwamba mwanawe ameshtakiwa. Mimi nilimwelewa kabisa, kwa sababu kuna jambo baya kuliko jina la uongo, nalo ni kukosa jina.

Jina lina gharama kwa serikali. Likishaandikwa, kuna saa ya kukamatwa, kuna afisa aliyetia sahihi, kuna hakimu atakayeuliza ushahidi uko wapi. Majina ya kipuuzi huanguka, kama lile la kuvamia kompyuta. Kwa hiyo pale jina linapokosekana kabisa, pale mtu amechora picha ya kumdhihaki mkubwa na hakuna kifungu cha kumkalisha, ndipo linapokuja lile gari lisilo na alama, watu waliofunika nyuso, na kituo kinachosema "hapa hayupo". Desemba 2024 ile Tume ya Haki za Binadamu ilisema imepokea visa 82 vya kutekwa tangu Juni mwaka ule, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Vijana kadhaa waliochukuliwa mwezi huo, mchora katuni akiwamo, waliachiliwa mwanzoni mwa Januari. Hawakushtakiwa kwa lolote. Washtakiwe kwa jina gani?

Njia ya kumlazimisha mwenye dola atamke jina ipo, nayo ni ombi la habeas corpus: mahakama inamwamuru anayemshikilia mtu amlete, akiwa hai au la. Ni mojawapo ya haki 4 ambazo Katiba, katika kifungu cha 25, imesema hazipunguzwi kwa sababu yoyote. Agosti 2024 ndugu wawili na mwanaharakati mmoja walitekwa Kitengela. Polisi wakasema hawanao. Jaji Lawrence Mugambi akamwita Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aje aeleze. Hakuja. Akaitwa tena na tena. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama. Wiki moja baadaye watu wale watatu wakaonekana, wakiwa hai, wamedhoofika. Masengeli akafika kortini akaomba radhi na adhabu ikaondolewa. Wapo waliokasirika kwamba hakulala jela hata usiku mmoja. Mimi nilitazama upande mwingine: watatu walirudi kwao.

Sikudanganyi kwamba kuandikwa kwenye OB ni kinga kamili. Mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya chapisho lililomhusu naibu mkuu wa polisi. Akasafirishwa mpaka Nairobi, akaingizwa Kituo cha Polisi cha Central, na hakuiona asubuhi. Hata kifo chake kilipewa jina kwanza: polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua mwili wakasema la, majeraha yale hayakuwa ya kujiumiza mwenyewe. Shingo ilikuwa imebanwa. Kesi ya mauaji ikafunguliwa dhidi ya watu 6, maafisa wa polisi wakiwamo.

Angalia pia jinsi jina linavyoweza kubadilishwa njiani. Mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa Jumamosi, Julai 19, 2025, habari zikasema ni ugaidi. Kufika Jumatatu kortini, ugaidi umeyeyuka, umebaki vitoa machozi na risasi baridi moja. Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda, alitoweka hapahapa Nairobi Novemba 2024, siku chache baadaye akaibuka mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala kwa kosa la bastola. Mahakama ya Juu ya Uganda iliposema Januari 2025 kwamba raia hashtakiwi jeshini, jina likageuzwa kuwa uhaini. Tanzania nayo ilimpa mpinzani Tundu Lissu jina hilohilo la uhaini Aprili 2025, na kule uhaini hauna dhamana. Majirani hawa wanaazimana majina kama watu wanavyoazimana chumvi.

Kuna njia nyingine ambazo hazihitaji korti. Ipo ya kudhihaki: mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, aliambiwa hadharani awe mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu, aheshimu wanaume na anyamaze. Jengo halikujengwa. Ipo ya kununua: Julai 2024 baraza la mawaziri lilivunjwa, na liliporudi lilikuwa na vigogo wa chama cha upinzani cha ODM ndani, mmoja wao akikalia Hazina ya Kitaifa. Ipo ya kuzima: Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya runinga viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo siku ileile; Oktoba mwaka huo Tanzania ilizima intaneti siku ya uchaguzi. Na ipo ya kukodisha, ambayo binafsi ndiyo inayonitisha zaidi. Juni 17, 2025 wanaume wenye rungu na viboko waliingia katikati ya mji kwa pikipiki na kuwapiga waandamanaji, polisi wakiwapo. Mhuni hana namba ya kazi. Hata ukitaka kumshtaki huanzi popote.

Sasa mwanao. Sitakuambia umnyamazishe, na hata nikikuambia, ana miaka 23, hatakusikia. Keti naye siku moja simu ikiwa mezani, umuulize kama watu wawili wazima: unaandika maoni yako, au unatangaza tarehe na mahali pa kukutana? Yote mawili ni halali. Ila la pili ndilo linalohesabiwa miguu, na anayelifanya afanye akijua. Mkutano au maandamano yanahitaji taarifa kwa mkuu wa kituo, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, si kuomba ruhusa. Mkuu wa kituo akikuambia "sijakupa kibali", mkumbushe kwa upole. Aandike anachoweza kukithibitisha, na ahifadhi picha ya kila alichochapisha, kwa sababu kortini tumewahi kuletewa maneno ambayo mteja hakuyaandika.

Wakija, wewe usipigane nao mlangoni. Uliza majina, uliza wanatoka kituo gani, tazama namba ya gari na uitamke kwa sauti ili jirani aisikie. Kisha nenda kituoni, usiende peke yako, na usiondoke bila namba ya OB. Ukiambiwa hayupo, nenda kituo kinachofuata, na kingine. Muda unaoupoteza ukibishana kwenye kaunta moja ndio muda anaohamishwa. Yeye huko ndani ana haki ya kunyamaza. Asitie sahihi karatasi yoyote kabla wakili hajafika, hata akiambiwa ni ya kumwachilia. Akipita usiku mmoja hajulikani alipo, usingoje wa pili. Chama cha Mawakili, Tume ya Haki za Binadamu na IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, wote wapokee taarifa asubuhi hiyohiyo, na ombi la kumleta mahakamani lianze kuandikwa.

Kuhusu Bungoma: kama anataka kumsalimia shangazi yake, aende. Lakini Homa Bay haikumsaidia Ojwang. Alichukuliwa nyumbani kwao, mbele ya baba yake, akaletwa Nairobi siku hiyohiyo. Mjini angalau mlango wako unapakana na milango mingine.

Na yule mzee wa Nyumba Kumi usimkasirikie. Angeweza kukaa kimya. Mwulize taratibu ni nani aliyeuliza, lini, na alivaa nini. Halafu andika namba tatu kwenye karatasi ubandike nyuma ya mlango, si kwenye simu, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza wanachochukua: ya wakili, ya mtu mwenye gari, na ya mtu asiyelala mapema. Nakala moja mpe mzee.